Marahaba ya Mheshimiwa Kidumu

Nchi hii haipo. Nimeombwa niliseme hilo mapema, na walioniomba walikuwa watu wa adabu sana: walikuja wawili, wakavua viatu mlangoni, wakakaa mpaka chai ikaisha. Kwa hiyo msomaji akiona mahali anapopafahamu, ajue macho yake ndiyo yenye makosa.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo aliishi mwanamke aitwaye Sihaba, fundi wa ngozi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, na wateja wake wengi walikuwa wanawake waliounguzwa na krimu za kujichubua. Walimjia wamejitanda khanga mpaka machoni. Sihaba aliwatoa damu kidogo mkononi, akaizungusha kwenye mashine iliyokoroma kama paka, mpaka maji ya rangi ya asali yakajitenga juu. Maji hayo aliyarudisha usoni mwa mwenyewe kwa sindano nyembamba, tone kwa tone, kisha akamwambia aende nyumbani akae kivulini, maana ngozi changa haitaki jua.

Haikuwa tiba ya haraka. Mabaka yalififia polepole, ngozi ikajaa, na mteja akaanza kushusha khanga: kwanza hadi puani, halafu kidevuni, mwisho akaitupia begani na kwenda sokoni kugombana na muuza nyanya. Akishagombana, Sihaba alijua amepona. "Ngozi hurudi kwanza," aliwaambia. "Kujiamini kunafuata nyuma, msikuharakishe."

Yeye mwenyewe alikuwa na donge ambalo hakuna sindano ingeliyeyusha, na donge hilo lilihusu salamu.

*

Rais wa nchi hiyo aliitwa Mheshimiwa Kidumu. Kwa kuwa kidumu ni pia kile chombo cha kutilia mafuta ya taa, sheria ilipiga marufuku chombo kuitwa jina la Rais, na watu wakawa wanaingia dukani na kusema, "Nipe kile chenye mkono." Wenye maduka walielewa. Ilikuwa nchi ya watu waelewa sana.

Sheria iliyopendwa zaidi, kwa mujibu wa redio, ilikuwa Sheria ya Salamu. Ilisema kila mdogo amwamkie mkubwa wake shikamoo, jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya tangu hapo bila kusukumwa. Lakini iliongeza kwamba Rais ni mkubwa wa wote. Vikongwe walioijua siku aliyotahiriwa walimwamkia. Mama mkwe wake alimwamkia. Na Rais asipokuwapo, shikamoo ilipelekwa kwenye picha yake, ambayo ilikuwapo kila mahali, hata kwenye vyoo vya stendi, upande wa kulipia.

Sasa, shikamoo isiyoitikiwa ni jambo zito. Anayeamkia na asijibiwe "marahaba" huachwa ananing'inia, na hata serikali ile iliona aibu kuwaacha raia wakining'inia mbele ya picha. Kwa hiyo kwenye Uwanja wa Adabu, palipokuwa na picha kubwa kuliko zote, pakaundwa cheo cha Afisa Mwitikiaji. Afisa huyo alikaa nyuma ya picha na kipaza sauti, na raia akisema "Shikamoo," yeye husema "Marahaba." Alikuwa na kiti, feni, na mapumziko ya chakula.

Mama yake Sihaba, Bi. Mwatumu, alikuwa muuza vitumbua. Siku moja Mheshimiwa Kidumu alitembelea soko ili apigwe picha akipenda wananchi, akasimama mbele ya karai lake. Bi. Mwatumu akafuta mikono kwa khanga, akangoja aamkiwe, kwa sababu alimzidi miaka kumi na mitano. Kidumu naye akangoja. Wakangojeana mpaka vitumbua vikaanza kuungua.

"Kidumu mwanangu," akasema mama, bila ubaya wowote, "huna salamu? Mimi nimekubeba mgongoni wewe, ulipokuwa na surua. Ukanikojolea mpaka kiunoni."

Watu wawili walicheka. Hawajaonekana tena, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Bi. Mwatumu akapelekwa Uwanja wa Adabu, akapigishwa magoti mbele ya picha, akaambiwa aamkie mpaka aitikiwe. Hukumu nyepesi kabisa, redio ilieleza: neno moja, jibu moja, mtu anarudi nyumbani. Bahati mbaya Afisa Mwitikiaji alikuwa ametoka kula. Kulikuwa na harusi ya binamu yake na pilau ilichelewa kuiva. Bi. Mwatumu akasema shikamoo asubuhi, akasema jua likiwa utosini, akasema mpaka sauti ikabaki midomoni tu. Sihaba alikuwa nje ya seng'enge, anamwona na hawezi kumfikia. Alasiri mama akaanguka kifudifudi. Afisa akarudi anachokonoa meno, akasema "Marahaba" kwenye uwanja uliokwisha kuwa kimya, na shughuli ikahesabika imekamilika. Hospitali iliandika kwamba marehemu alifariki kwa kukosa subira.

Tangu siku hiyo Sihaba hakutaka fidia, wala hakumwombea Kidumu kifo. Kifo kingempa mazishi ya kitaifa na bendera nusu mlingoti. Alitaka kitu kimoja tu: amsikie Kidumu kwa masikio yake akimwamkia mtu shikamoo, na asiitikiwe.

*

Katiba ya nchi hiyo ilisema Rais asiwe chini ya miaka arobaini wala zaidi ya sabini na mitano. Mheshimiwa Kidumu alikuwa anakaribia themanini, na Katiba ilikwisha kutiwa viraka vingi mno hata isingeweza kushika uzi mwingine. Ndipo Spika wa Bunge, Mzee Mahimbo, alipoinuka. Mzee huyu alikuwa mkubwa kwa Kidumu kwa miaka mitatu, na alikuwa amemwamkia kila asubuhi kwa muda wa kizazi kizima, akiinama mpaka miwani inateleza.

"Waheshimiwa wabunge," alisema, "umri ni nini? Je, umri ni makaratasi? Makaratasi huliwa na panya. Panya akila cheti cha kuzaliwa, je, mwenye cheti hakuzaliwa? Umri wa mtu, waheshimiwa, unakaa usoni. Na kama haukai usoni, naomba mbunge yeyote anionyeshe unapokaa."

Hakuna mbunge aliyeonyesha. Sheria ikapita kwa makofi: umri halali wa mtu ni ule utakaosomwa usoni mwake na Tume ya Kusoma Nyuso, mwenyekiti wake akiwa Spika. Wakaenda kunywa soda. Walipofika chupa ya pili ndipo mmoja akakumbuka uso wa Rais ulivyo, na soda zikawakwama kooni. Uso ule ulikuwa umekunjamana kama shuka la hospitali. Kwa sheria waliyoipitisha wenyewe, Kidumu alikuwa na miaka tisini na kitu.

Zikaletwa poda kutoka ng'ambo, akapakwa, akatoka kama andazi lililomwagikiwa unga. Waganga waliitwa, wakafukuzwa. Mwishowe mke wa Spika, ambaye zamani alijitanda khanga mpaka machoni na sasa aligombana na kila mtu, akasema, "Kuna mwanamke nyuma ya duka la vitambaa."

*

Sihaba aliingia Ikulu na kimkoba chake, akaelekezwa mahali pa kusimama na namna ya kuinama. Akasema shikamoo. Ilimtoka kama mwiba, lakini alijikaza kisabuni.

"Marahaba," akasema Kidumu, macho ameyafumba. "Wewe binti wa nani?"

"Mama alikuwa muuza vitumbua, Mheshimiwa."

"Napenda vitumbua," akasema Kidumu. "Yuko wapi siku hizi?"

"Alikosa subira, Mheshimiwa."

"Vijana wa leo wote hivyo," akasema Rais. Hakukumbuka chochote. Sihaba alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa vitisho, hata kwa uongo. Hakuwa amejiandaa kusahauliwa. Akaufungua mkoba, akaanza kupanga sindano zake.

"Utanirudisha nyuma mpaka umri gani?" Kidumu akauliza.

"Popote utakaposema nisimame. Nina sharti moja tu: neno 'inatosha' litoke kinywani mwako, si kwangu. Na ukae kivulini, Mheshimiwa. Ngozi changa haitaki jua."

Kidumu akacheka mpaka akakohoa. Lilikuwa sharti zuri kuliko yote aliyowahi kupewa.

Hapa ningependa kusema Sihaba alimtilia sumu, maana wasomaji wengine wanaipenda sumu. Hakumtilia kitu. Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa hata mara moja. Alimtibu kwa uaminifu wote, damu yake mwenyewe kwenye uso wake mwenyewe, na mikunjo ikaanza kujinyoosha kuanzia pembe za macho. Tume ilipomsoma mara ya kwanza ilimkuta na sabini na moja. Mizinga ikapigwa. Tiba ilipoendelea akafika sitini na mbili, na fimbo akaitupa.

"Mheshimiwa," Sihaba akasema, "hapa panapendeza." Aliogopa asije akakubali.

"Nani kakwambia nimetosheka?" akauliza Kidumu mbele ya kioo.

Sihaba akainama kuficha uso. Alijua tangu mwanzo. Mtu aliyeshindwa kutosheka na kiti atatoshekaje na sura?

Ngozi ilitangulia, kujiamini kukafuata. Alipofika hamsini, Kidumu alimfukuza daktari wake, kwa kuwa daktari ni wa wagonjwa. Alipofika arobaini na tano alimfukuza mpishi wa uji. Mchoraji wa serikali akaja kuuliza kama abadilishe picha za nchi nzima zifanane na sura mpya. "Picha zibaki," akasema Kidumu. "Ile sura ni ya kuheshimiwa. Hii ni ya kufaidi." Ikapitishwa sheria kwamba picha isiguswe milele, na neno milele likapigiwa mstari.

Alipokaribia arobaini Sihaba alisimamisha sindano hewani.

"Mheshimiwa, hapa pana mstari wa Katiba. Usije ukasema sikukwambia."

"Mistari naichora mimi," akasema Kidumu. "Endelea."

Akaendelea. Kidumu akanyoa denge, akavaa suruali za kubana, akaanza kukaa kwa kuegemea magari. Walinzi akawaondoa wote, kwani mwanamume aliyekamilika halindwi na mwanamume mwenzake. Washauri akawaita "vibabu" mbele ya wageni. Wazee wale waliendelea kuinama na kumwamkia, lakini miili yao haikuzoea kuwainamia vijana, na kila asubuhi shikamoo ilizidi kuwakwama. Wajukuu wao walikuwa wakubwa kuliko mtu wanayemwamkia. Mzee Mahimbo alirudi nyumbani na magoti yanauma, akamwambia mkewe, "Leo nimemwamkia mtoto." Halafu akatazama dirishani kama lina masikio.

Jambo moja lilimuuma Sihaba. Si dhamiri: usingizi wake ulikuwa mtamu, chakula kilipita. Lakini uso ule ulikuwa kazi yake bora kuliko zote alizowahi kufanya, laini, unang'aa, hauna alama. Angemtengenezea mwanamke yeyote aliyeunguzwa uso kama huo, mwanamke huyo angelia kwa furaha. Na ilibidi kazi hiyo aiweke juu ya mtu ambaye yeye alimchukia kuliko wote duniani. Hilo nalo akaliongeza kwenye deni la Kidumu.

*

Siku ya kusomwa uso kwa ajili ya uchaguzi, Bunge lilijaa mpaka kwenye ngazi. Sihaba alikaa juu, viti vya wageni, na mkoba magotini.

Kidumu akaingia peke yake, anatembea kwa madaha, mkono mmoja mfukoni. Watu wote walimjua. Nataka hilo lieleweke: hakuna aliyedanganyika hata kidogo, kila mtu mle ndani alijua huyu ni nani, na huo ndio uliokuwa utamu wa jambo lenyewe. Lakini sheria ni sheria, na ile nchi ilikuwa ya kisheria kupita kiasi.

Mzee Mahimbo akashuka na lenzi yake. Akausoma uso kuanzia paji, akapita mashavuni, akakaa sana chini ya macho, akamalizia kidevuni palipokuwa na chunusi mbili mpya.

"Ishirini na miwili," akatangaza.



"Mahimbo, acha mchezo," akasema Kidumu. "Andika arobaini tuondoke, jua lisije likanikuta nje."

Mzee Mahimbo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shikamoo za kizazi kizima zilikuwa zimemjaa kwenye magoti, na sasa zilikuwa zinapanda.

"Mahimbo ni nani, kijana?" akauliza kwa upole. "Umeingia kwenye baraza la watu wazima, umesimama mkono mfukoni, unamwita mzee jina lake kavu. Huna salamu?"

Huko juu Sihaba akashika ukingo wa kiti. Maneno yalikuwa yale yale ya mama.

Kidumu akatazama huku na huku. Wazee wote wamemkazia macho, wamekaa, hakuna aliyeinama. Akafungua mdomo. Neno hakulipata. Alikuwa amelitungia sheria, amelisikia mara zisizo na idadi, lakini ulimi wake ulikwisha kusahau njia ya kulifikia. Mwishowe akasema:

"Mambo vipi, wazee?"

Mguno ukapita Bungeni. Mzee mmoja upande wa kulia alishika kifua.

"Mnanijua," akasema Kidumu, na sauti ikaanza kupanda. "Mimi ndiye niliyeitunga Sheria ya Salamu."

"Nasi tunakushukuru, kijana," akasema Spika. "Imetungwa vizuri sana. Haina pa kupenya."

Akatafuta walinzi kwa macho. Akakumbuka aliwaondoa. Polisi wawili wa mlangoni, mmoja ana mvi, wakamchukua kwa mikono miwili miwili, kwa hukumu ile ile nyepesi ya Uwanja wa Adabu. Siku hiyo hiyo Tume ikamsoma Mzee Mahimbo, ikamkuta na sitini na minne, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Akaapishwa kwa mwanga wa mshumaa.

*

Rais Mahimbo alimwita Sihaba, akamuuliza anataka nini: wizara, ubalozi, barabara iitwe jina lake.

"Nasikia Afisa Mwitikiaji amestaafu," akasema Sihaba.

"Kweli, na nishani amepewa. Lakini mwanangu, ile ni kazi ndogo. Kusema marahaba tu."

"Niachie kwa siku moja, mzee."

Mahimbo akamtazama. Hakuwa mjinga yule mzee. Ndiyo maana aliishi muda mrefu. "Kazi ile ina mapumziko ya chakula," akasema.

"Najua," akasema Sihaba. "Nayajua vizuri sana."

Asubuhi akafika Uwanja wa Adabu na karai la mama yake na bakuli la unga uliokwisha kuumuka. Nyuma ya picha kubwa akakuta kiti, feni, kipaza sauti na kibao chenye kamba cha kutundika. Akawasha jiko. Kupitia upenyo wa fremu aliuona uwanja wote, na watu waliokuja na miavuli, na wanawake waliotupia khanga mabegani. Katikati, peke yake juani, Kidumu alikuwa amepiga magoti mbele ya uso wake wa zamani, ule wa kuheshimiwa, ulioandikiwa sheria usiguswe milele.

Alitazama kulia na kushoto, akanuna kama mtoto aliyenyimwa. Polisi mwenye mvi akamkumbusha kuwa hataondoka bila kusema. Jua likazidi. Ule uso laini, kazi ya mikono ya Sihaba, ukaanza kuwiva kwenye mashavu.

"Shikamoo," akasema Kidumu kwa picha.

Sauti ilikuwa nzuri, changa, imejaa. Sihaba alifumba macho akaisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameambiwa na wengi kwamba kisasi hakishibishi, na sasa aligundua kwamba waliomwambia walikuwa hawajawahi kukionja.

"Shikamoo," akasema tena, kwa nguvu zaidi, na watu wote wakageuka kutazama picha.

Sihaba akavuta kipaza sauti karibu. Akageuza kitumbua cha kwanza, kikatoka rangi ile ile aliyokuwa akiipenda mama. Akafuta mikono kwa khanga, kama mama alivyofuta siku ile sokoni, akakizima kipaza sauti. Kisha akatoka upande wa picha, akatundika kibao mahali ambapo kila mtu angeweza kukisoma, hata aliyepiga magoti: AFISA AMETOKA KULA.

Macho yao yakakutana. Kidumu akamtazama, akalitazama karai linalofuka nyuma yake, na harufu ya vitumbua ikamfikia. Safari hii akakumbuka. Sihaba aliona kabisa alipokumbuka, maana uso ule aliujua kila tundu lake.

"Shikamoo, dada," akasema Kidumu polepole. "Shikamoo."

Sihaba akarudi kivulini, akakaa, akakivunja kitumbua katikati kipoe. Kilikuwa cha moto, na alikuwa na muda.